Fundi Aliyesema Imeshuka

Mwaka ule Sista Melania hakumwita Mwinshehe. Kwa miaka ishirini na sita, kila ulipoingia mwezi wa saba, shule ya masista ya Mwanga ilimtuma mlinzi ashuke hadi Kasingirima, Ujiji, kumwambia fundi kwamba piano inamsubiri. Mwinshehe alikuwa akiacha randa pale ilipo, ananawa, anavaa shati la mikono mirefu na kupanda Mwanga na mkoba wake wa ngozi. Safari hii mwezi wa saba uliingia, ukafika katikati, na mlinzi hakuonekana. Habari aliipata kwa mkewe Sikudhani, aliyekuwa na meza ya samaki, dagaa na migebuka, sokoni. Masista walikuwa wameleta mwanamke wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi, na mwanamke huyo alikuwa akitengeneza piano kwa simu.

“Kwa simu?” Mwinshehe aliuliza.

“Ndivyo wanavyosema. Anaiweka simu juu ya piano, simu inamwambia kaza, simu inamwambia legeza.”

Kwa kazi Mwinshehe alikuwa seremala. Milango, vitanda na majeneza ndivyo vilivyoilisha nyumba yake na kumsomesha binti yake Tausi mpaka akaolewa Tabora. Piano mji mzima zilikuwa tatu tu, na hakuna mtu anayeweza kuishi kwa piano tatu. Lakini ndizo zilizompa jina. Maseremala Ujiji walikuwa hawana idadi. Fundi wa piano alikuwa mmoja, Mwislamu wa Kasingirima aliyefundishwa na marehemu Bruda Martini, na mapadri wenyewe walikuwa wakisimama kumpa mkono. Asubuhi yake alivaa shati la mikono mirefu ingawa hakuitwa.

*

Aliwakuta ukumbini. Piano ilikuwa imevuliwa ubao wake wa mbele, nyaya zote nje, na mbele yake ameketi mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, kajifunga kitenge kilichofifia. Simu ilikuwa imesimamishwa pale pa kuwekea vitabu vya nyimbo. Mwanamke aliinuka na kumwamkia vizuri, akasema anaitwa Inamahoro.

Sista Melania alikuwa mtu wa kusema mambo waziwazi, lakini siku hiyo alizunguka kwanza. Alimweleza kuwa mwezi wa nane shule inafanya jubilei, na kwaya ya Kalinzi itakuja na kinanda chao cha umeme. Kinanda na piano vingepigwa pamoja. Ila piano ile ilikuwa chini, karibu nusu sauti, na kinanda cha umeme hakishuki kumfuata mtu. “Wewe mwenyewe, Mzee Mwinshehe, ndiye uliyekuwa ukituambia nyaya ni kuukuu, tuiache palepale ilipo,” alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwaka jana zile sauti za juu kabisa ziliwasumbua wanafunzi. Zilikuwa kali.

Hilo Mwinshehe hakuwa ameambiwa. Mwaka mzima watu walilijua, wakamnyamazia kama mgonjwa. Aliomba kiti, akakaa kando, akasema anataka kuangalia tu.

Kwa kweli aliyoyaona hayakuwa mageni yote. Inamahoro alikuwa na kabari za mpira kama zake, za kuzibia nyaya mbili ili usikie wa tatu. Alikuwa na ufunguo wa kukazia kama wake. Tofauti ilikuwa ile simu. Kwenye kioo chake kulikuwa na gurudumu la rangi. Waya ukiwa chini, rangi zinazunguka kushoto. Ukiwa juu, zinazunguka kulia. Ukifika mahali pake, zinasimama. Kabla ya yote aliisikilizisha simu noti kadhaa kutoka chini hadi juu, maana, alisema, kila piano ina tabia yake na programu ile lazima iijue kwanza hii ikoje.

Mwinshehe alisogea mbele. Rangi zilikuwa zikienda kulia, na mwanamke akautoa ufunguo na kuhamia waya mwingine.

“Umepitisha,” alimwambia.

“Nimepitisha makusudi, Mzee. Nikikaza nyaya nyingine, huu utarudi nyuma. Simu imepiga hesabu utarudi kiasi gani.”

Mwinshehe alijua kwamba ni kweli. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa mkono wake, kwa jinsi waya unavyojibu. Kilichomuudhi ni kwamba simu nayo inalijua. Akauliza kama hiyo simu inasikia noti tu, au inawasikia na wao wanaozungumza.

Inamahoro alitabasamu. “Inasikia kila kitu, Mzee. Ila haielewi isipokuwa noti.”

Mwinshehe akaondoka na nusu ya kwanza ya jibu hilo.

Mlangoni alimwambia Sista maneno ambayo fundi yeyote angeyasema. Piano iliyopandishwa kiasi kile haiaminiki siku hiyohiyo. Nyaya hurudi. Wasubiri siku tatu baada ya kazi kwisha, yeye atakuja kusikiliza, na ikiwa imesimama mgeni alipwe aende zake. Sista aliona ni busara. Hakuna aliyemuuliza Inamahoro karatasi yake ya kutokea kambini inamruhusu mpaka lini. Naye hakusema, kwa sababu mkimbizi anayesema ana haraka huonekana ana kitu anachokikimbia. Kazi ilikwisha Jumanne. Kibali chake kilikuwa kinaisha Ijumaa.

*

Alhamisi Hamdani, mwenyekiti wa mtaa, alikuja karakana kupima mlango wa nyumba aliyokuwa akiijenga. Walizungumza habari za mbao, wakazungumza habari za mvua zilizopita, mwisho Hamdani akauliza kama ni kweli kuna Mrundi anatengeneza piano kwa simu. Alikuwa anatania. Mwinshehe angeweza kucheka.

Badala yake alisema, “Mimi simjui. Ninachojua ni kwamba ameniambia kwa mdomo wake simu yake inasikia kila kitu.”

Miaka ile hilo halikuwa neno la kutupwa hovyo. Watu walikuwa bado wanavuka kutoka Burundi, na wakimbizi wenyewe walikuwa wanaogopana. Ilisemwa kwamba kati yao wamo waliotumwa kuja kuchukua majina ya wenzao. Ilisemwa tu, nani aliyewaona hakujulikana. Hamdani aliacha kupima, akauliza ni simu ya aina gani, na mwanamke huyo anapatikana wapi. Mwinshehe alijibu yote mawili. Halafu moyo ukamsuta kidogo, akasema labda si kitu, labda ni mambo ya piano tu. Hamdani alikwishakunja futi yake. Neno la kwanza aliondoka nalo. La pili alilisahau palepale.

Jioni Sikudhani alimsimulia mumewe kwamba Inamahoro alipita mezani pake kununua dagaa. Alikuwa akifundisha piano Bujumbura, na amepanga chumba kwa fundi cherehani wa jirani. Mwinshehe alimwambia simu ya mwanamke huyo inasikia kila kitu, akauliza kama ameziona karatasi zake.

“Mimi nauza samaki, Baba Tausi,” Sikudhani alijibu. “Sikagui karatasi.”

*

Ijumaa, kabla ya saa ya kwenda msikitini, Mwinshehe aliketi mbele ya piano. Sista Melania alisimama upande mmoja, mikono ndani ya mikono ya kanzu yake. Inamahoro alisimama dirishani na begi lake miguuni, limefungwa tayari, kwa sababu basi la Kasulu, la kumrudisha kambini, lilikuwa linaondoka saa nane.

Alianzia katikati, kama alivyofundishwa. Alibonyeza noti mbili mbili, akazisikiliza zinavyokutana. Alitafuta kosa kama mtu anavyotafuta sindano iliyomdondoka, akijua kabisa kwamba ipo. Hakulipata. Alishuka chini, kwenye zile sauti nene ambazo miaka yote zilikuwa zikinguruma na kugombana, ambazo yeye alikwishakata tamaa nazo na kuamini ndivyo piano hiyo ilivyozaliwa. Zilikuwa zimetulia. Noti ya chini na mwenzake wa juu ziliingiana mpaka huwezi kusema ipi imeanza. Alipanda juu hadi pale masikio yake yalipoanza kuchoka, na hata huko hapakuwa na lawama. Mahali pamoja nyaya mbili zilikuwa zimeachana kwa unywele. Hilo hutokea kwa piano yoyote usiku mmoja.

Aliondoa mikono kwenye piano. Watu watatu walikuwa ukumbini, na ni wawili tu walioweza kujua. Sista alikuwa anamtazama yeye.

“Imeshuka,” alisema.

Inamahoro alifungua begi haraka, akatoa simu. Aliomba awaonyeshe, noti moja tu, yoyote watakayochagua wao. Mwinshehe hakugeuka. Alisema simu ya mtu itasema analotaka mwenyewe, na kwamba yeye kazi hii ameifanya bila simu tangu Sista hajafika Kigoma.

Sista Melania aliwatazama wote wawili. Upande mmoja kulikuwa na miaka ishirini na sita, upande mwingine wiki moja. Alimgeukia Inamahoro, akamwomba kwa upole arudie kazi Jumamosi na Jumapili, ukumbi ukiwa wazi, na malipo yake yangekuwa tayari Jumatatu.

Inamahoro aligeukia piano. “Mzee,” alimwambia Mwinshehe, “umesikia?”

“Nimesikia.”

“Umesikia imeshuka.”

“Imeshuka.”

Alimtazama kidogo, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kisha akalisogeza begi lake pembeni ya ukuta.

*

Jumatatu saa tano Sikudhani alirudi nyumbani kabla ya wakati wake, meza kamwachia jirani. Mwinshehe alikuwa karakana anapiga randa. Mkewe alisimama mlangoni, akamsimulia. Hamdani alikwenda kwa masista na watu wawili wanaoshughulika na vibali. Walimkuta Inamahoro ukumbini, wakaomba karatasi, na karatasi ilikuwa imepita muda kwa siku tatu. Wakaichukua na simu. Wamempandisha gari.

“Wanasema simu yake ilikuwa inasikiliza watu,” alisema Sikudhani. “Maneno hayo mimi nimeyasikia humu ndani kabla ya kuyasikia sokoni.”

Mwinshehe alisema karatasi ikiisha imeisha, hilo si la kwake.

“Kwa nini alibaki mpaka ikaisha?”

“Piano ilikuwa haijakaa.”

“Ilishuka?”

Alipiga randa mara mbili, tatu. Mkewe hakuondoka. Waliishi pamoja miaka thelathini na minne, na Sikudhani hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Akiuliza swali, alilisubiri. Aliuliza tena kama ilishuka.

“Haikushuka,” alisema Mwinshehe.

Sikudhani aliketi kwenye fremu ya kitanda cha mteja ambacho hakijawekwa mbao za chini. Akakaa pale kwa taabu, ameshika magoti. Alimwambia aende akaseme. Mwinshehe aliuliza akaseme nini, na kwa nani.

“Hilohilo ulilonambia mimi. Kwa yeyote atakayekuwepo.”

*

Alianza kwa Sista Melania. Alimweleza akiwa amesimama, macho sakafuni, na Sista hakumkatiza wala hakumkaripia. Alipomaliza, Sista alichukua ufunguo wa gari la shule na kumwambia apande.

Kwenye ofisi ya vibali walisubiri katika benchi refu. Mwisho wa benchi, upande wa pili wa korido, alikuwa ameketi Inamahoro. Tangu siku ya kwanza alikuwa akimwamkia Mwinshehe kila walipokutana, hata ile Ijumaa. Safari hii alimwona, akageukia ukutani.

Afisa alikuwa kijana wa heshima na mwenye kazi nyingi. Alitaka kujua mzee huyu ni nani katika jambo hili. Mwinshehe alisema ni fundi wa piano. Afisa aliandika seremala, kwa sababu ndivyo kitambulisho kilivyosema. Mwinshehe alieleza kwamba simu ile ilikuwa inasikiliza nyaya, na kwamba neno la kwamba inasikiliza watu limetoka kwake yeye, naye alilisema akijua si kweli.

“Kwa nini ulilisema?”

“Alikuwa ananishinda kazi.”

Afisa aliitoa simu kwenye bahasha, akaitwa Inamahoro aifungue, kisha akarudishwa benchini. Gurudumu la rangi lilikuwa limesimama kimya. Afisa aliuliza itaonyeshaje kwamba ni ya piano na hapa hakuna piano. Mwinshehe alisema yeyote anaweza kuiimbia.

“Basi iimbie.”

Makarani wawili walisogea. Mwinshehe, mwenye miaka sitini na moja, aliinamia meza ya serikali na kutoa sauti moja ndefu ya “aaa”. Rangi zikazunguka kushoto. Alipandisha sauti kidogo kidogo, shingo imemtoka mishipa, mpaka rangi zikaenda taratibu, zikasita, zikasimama, kisha pumzi ikamwishia. Karani mmoja alicheka, akaomba na yeye ajaribu. Wakajaribu wote wawili, na hata afisa mwenyewe, kwa sauti ya kuona haya. Mwinshehe alikuwa bado ameinama, amesahau kunyooka.

La simu likaishia hapo. La kibali halikuisha. Sista alisema kosa ni la shule iliyomchelewesha. Afisa akajibu kwa adabu kwamba karatasi ina jina la mtu mmoja. Inamahoro angerudishwa kambini siku ya pili, na kibali kingine asitegemee kabla ya mwaka kwisha. Sista alimkabidhi malipo yake palepale benchini. Mwinshehe alimsogelea akasema maneno ya kuomba radhi, aliyokuwa ameyapanga ndani ya gari. Inamahoro alikuwa anazipanga kabari zake ndani ya begi, moja moja, na aliendelea kuzipanga mpaka akaondoka.

*

Jubilei ilifanyika. Kwaya ya Kalinzi iliteremka na kinanda chake, na kinanda na piano vikapigwa pamoja mpaka wageni wakageukiana kwa kupendezwa. Wakati wa shukrani Hamdani, aliyekaa mbele na waalikwa, aliomba dakika moja. Alisema mji huu una vipaji vyake, hakuna haja ya kuviagiza mbali, akawaomba watu wampigie makofi fundi wetu Mzee Mwinshehe. Sista Melania alijongea ili aseme kitu, lakini Mwinshehe alikwishasimama.

Alisema kazi ile si yake. Ni ya mwanamke anayeitwa Inamahoro, mkimbizi, aliyeifanya vizuri, na yeye ndiye aliyesema imeshuka wakati haikushuka. Alisema kwa sauti ya kutosha. Watu walimsikiliza wakitabasamu, wakapiga makofi zaidi. Jirani yake alimvuta shati akae, akamnong’oneza kwamba unyenyekevu nao una mpaka wake. Mshereheshaji akaita kwaya.

“Hawakuelewa,” alimwambia Sikudhani njiani.

“Mmoja ndiye anayetakiwa kuelewa,” alijibu Sikudhani, “naye hakuwepo.”

*

Mwezi wa kumi Mwinshehe alipanda basi la Kasulu na barua ya Sista Melania mfukoni. Barua ilimwalika Inamahoro kwa mwezi wa saba unaofuata, na ilikuwa na jina la Mwinshehe chini, kama mdhamini wake. Kambini alisubiri kwenye banda la wageni hadi mchana. Inamahoro alikuja amevaa kitenge kilekile. Hakumwamkia, lakini aliketi. Aliisoma barua yote, akarudia sehemu ya mwisho.

“Zile siku mbili,” alisema, “sikugusa hata waya mmoja. Nilikuwa nabonyeza, rangi zinasimama. Nabonyeza nyingine, zinasimama. Nikaanza kuyashuku masikio yangu. Halafu nikaishuku simu, nikasema labda imeharibika, labda ndiyo inanidanganya. Wewe sikukushuku. Nilisema mzee wa kazi miaka yote hiyo, hawezi.”

Mwinshehe alisema ilikuwa sawa. Alisema hata zile sauti za chini zilikuwa sawa, ambazo yeye hakuziweza maisha yake yote.

“Najua,” alisema Inamahoro.

Alikunja barua katika mikunjo yake ya awali. Watoto walikuwa wanapita na ndoo za maji, na alingoja wapite.

“Nitakuja. Mwambie Sista nitakuja nikipata kibali. Lakini siku hizo, Mzee, wewe usiwe mle ndani. Wala mlangoni. Nisikuone umekaa unasikiliza.”

Mwinshehe alisema sawa.

Kibali kilitoka, na mwezi wa saba alikuja kwa siku sita. Siku hizo zote Mwinshehe hakutoka Kasingirima, hata sokoni hakwenda. Sikudhani ndiye aliyepanda shuleni kila mchana na ugali na migebuka ndani ya kikapu. Siku ya mwisho alirudi na vyombo vitupu, akavitua karakana na kupumzika kidogo kivulini.

Mwinshehe aliuliza kama mgeni hajambo.

“Hajambo. Ameshamaliza, amepanda basi.”

“Ameniulizia?”

“Hapana,” alisema Sikudhani.

Mwinshehe aliitikia kwa kichwa. Akageuza ubao aliokuwa nao mezani, akaupangusa vumbi, akaendelea kupiga randa upande wa pili.